Kupanga, kununua au kujenga Dar es Salaam: hesabu pesa isiyorudi

Kwamba kodi ya nyumba ni pesa iliyokufa, kila mtu Dar es Salaam amewahi kuambiwa. Kauli hiyo imewakimbiza wengi kwenye viwanja kabla hawajajua wanachonunua. Ni kweli kodi hairudi. Lakini riba ya benki nayo hairudi. Nauli ya ziada ya kutoka Chanika kila alfajiri hairudi, saruji iliyoganda stoo hairudi, na milioni nane ulizompa mtu aliyeuza kiwanja kisicho chake ndizo hazirudi kabisa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, ziweke njia tatu bega kwa bega (kupanga, kununua nyumba iliyokwisha, kununua kiwanja ujenge), kisha uulize kwa kila njia: hapa pesa ipi haitarudi, na ni kiasi gani?

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nyumba ya vyumba vitatu inauzwa milioni 80, na nyingine kama hiyo mtaa huohuo inapangishwa kwa 350,000 kwa mwezi. Bei za mtaa wako zitakuwa tofauti. Badilisha namba, njia ya kuhesabu ni ileile.

Anza kwa kugawanya

Kodi ya 350,000 ni 4,200,000 kwa mwaka. Gawanya milioni 80 kwa hiyo kodi ya mwaka, unapata 19. Yaani mwenye nyumba atasubiri miaka 19 kodi irudishe bei, na hapo hajatoa hata shilingi ya kuziba paa.

Kipimo chetu ni hiki. Ikiwa jibu liko chini ya 12 na pesa unayo taslimu, kununua kuna mantiki. Likiwa kati ya 12 na 18, angalia muda utakaokaa: kama kazi inaweza kukuhamishia Dodoma baada ya miaka mitatu, panga. Likizidi 18, kupanga mtaa huo ni nafuu kuliko kununua, na pesa yako ina kazi bora kwingine. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, lakini kinazuia kosa kubwa: kupenda nyumba kwanza, halafu kutafuta hesabu ya kuitetea.

| | Kupanga | Kununua kwa mkopo | Kiwanja na kujenga |
|---|---|---|---|
| Pesa ya kuanzia | 2,450,000: kodi ya miezi 6 na ya dalali | Milioni 20 za mchango wako, na gharama za uhamisho | Bei ya kiwanja, upimaji, uhakiki |
| Kila mwezi | 350,000 | Kama 840,000 kwa miaka 15 | Kodi yako ya sasa, na akiba ya ujenzi |
| Isiyorudi | Kodi, dalali, kuhamahama | Riba, ada za benki | Kodi ya wakati wa ujenzi, nauli, vifaa vilivyoharibika |
| Kinachoweza kukuangusha | Notisi ya ghafla | Kukosa kipato | Hati mbovu |

Nyumba ya mkopo: mwezi wa kwanza unasema yote

Riba za mikopo ya nyumba nchini kwa miaka ya karibuni zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Tuchukue 15. Umetoa milioni 20, umekopa milioni 60 kwa miaka 15. Rejesho ni takriban 840,000 kwa mwezi. Sasa litazame rejesho la kwanza kwa karibu: asilimia 15 kwa mwaka ni 1.25 kwa mwezi, na 1.25 ya milioni 60 ni 750,000. Kwa hiyo katika 840,000 uliyolipa, 750,000 ni riba na 90,000 tu ndiyo iliyopunguza deni. Mpangaji wa jirani siku hiyohiyo "amepoteza" 350,000. Wewe umepoteza 750,000.

Ukifika mwaka wa 10, umeshalipa kama milioni 100, na bado unadaiwa milioni 35. Mpaka mwisho jumla ni milioni 151. Afisa mikopo akikushauri uvute muda hadi miaka 20 ili "upumue", rejesho linashuka hadi 790,000, lakini jumla inapanda hadi karibu milioni 190. Nafuu ya 50,000 kwa mwezi umeinunua kwa milioni 38.

Hatusemi mkopo wa nyumba ni mbaya. Bei ya nyumba na kodi hupanda, rejesho likiwa la riba isiyobadilika halipandi, na baada ya miaka 15 una nyumba. Kodi ya mpangaji ikipanda asilimia 5 kila mwaka, atakuwa amelipa kama milioni 90 na bado hana mlango wake. Mkopo unamfaa mwenye mshahara wa uhakika, ambaye rejesho halizidi theluthi ya kipato kinachomfikia mkononi. Kwa mfano wetu hiyo ni kama 2,520,000 kwa mwezi. Chini ya hapo, ugonjwa mmoja wa mtoto unatosha kukutoa kwenye ratiba. Na kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: riba inaweza kubadilishwa katikati? Kuna faini ukilipa deni mapema? Ada ya kuandaa mkopo, bima na tathmini ni kiasi gani kwa pamoja? Ukiruhusiwa kulipa mapema bila faini, kila milioni unayoongeza miaka ya mwanzo inakata riba ya miaka yote inayobaki.

Juu ya bei kuna gharama za uhamisho: ushuru wa stempu wa asilimia 1, tathmini, wakili na ada za usajili. Muuzaji ana kodi yake ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Kisheria inamhusu yeye, lakini uhamisho hausogei mpaka ilipwe TRA (Mamlaka ya Mapato), na ndiyo maana wauzaji wengi humsukumia mnunuzi kimyakimya. Mkataba useme wazi nani analipa. Ukikubali kulipa wewe, ipunguze kwenye bei.

Ukinunua ghorofani, yaani sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2008 inayotoa hati za sehemu za majengo, omba kuona ada ya mwezi ya ulinzi, lifti, pampu na usafi. Hiyo ni kodi nyingine isiyokwisha.

Kupanga: unalipia uhuru, basi uutumie

Faida kubwa ya kupanga Dar ni kukaa karibu na kazi na shule. Watu wazima wawili wakihamia pembezoni, na kila mmoja akaongeza nauli ya 2,000 kwa siku kwenda na kurudi, kwa siku 26 ni 104,000 kwa mwezi, karibu theluthi ya kodi ya mfano wetu. Hapo hatujahesabu saa mbili tatu za foleni.

Ubaya wake ni kwamba kinga yako ni ndogo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilishafutwa, kwa hiyo kilichobaki ni karatasi uliyosaini. Mikataba mingi ya madukani, ile ya kujaza majina, imeandikwa kumlinda mwenye nyumba. Omba viongezwe vitu hivi: kodi haitapanda ndani ya muda uliolipiwa, notisi ni miezi mitatu kwa pande zote, nyumba ikiuzwa, kodi ya miezi iliyobaki inarudishwa au mnunuzi anakuheshimu mpaka muda uishe, bomba, paa na shimo la choo likijaa ni la nani, na ukitengeneza kwa pesa yako kwa makubaliano, risiti inakatwa kwenye kodi inayofuata.

Umeme uangalie sana. Bei ndogo ya Tanesco kwa matumizi ya nyumbani ni kwa mita isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Wapangaji wanne wanaochangia LUKU moja hawawezi kubaki humo, hivyo hata mwenye taa tatu na feni analipia yuniti kwa bei ya juu. Nyumba yenye mita yako peke yako inaweza kuwa ghali kwa 20,000 kwenye kodi na bado ikawa nafuu kwako. Kuna jambo jingine ndani ya LUKU: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Deni hilo ni la mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kwa mwaka ni 18,000. Tunza meseji za manunuzi, mkatane kwenye kodi.

Usilipe kabla ya kwenda mara mbili. Nenda saa 12 asubuhi ufungue bomba, kwa sababu maji yanayotoka saa 8 mchana yanaweza kuwa ya tanki tu. Nenda tena baada ya mvua kubwa. Mstari wa kahawia ukutani, sentimita 20 au 30 kutoka chini, ni alama ya maji yaliyoingia. Rangi mpya iliyopakwa kwa chini tu nayo inaficha jambo. Halafu muulize mpangaji anayehama, si dalali. Dalali analipwa kodi ya mwezi mmoja ukikubali, halipwi ukikataa.

Kujenga: anayekula ni muda

Njia hii ndiyo wengi wanayoifuata, na ndiyo tunayoiona bora kwa familia nyingi za kipato cha kati, kwa sharti moja gumu: usianze msingi mpaka uwe na pesa ya kufika kwenye kuhamia.

Sababu ni kodi. Ukijenga kwa kudunduliza miaka 7, umelipa kodi milioni 29.4 wakati nyumba yako imesimama bila paa. Ukijenga kwa miezi 18, umelipa 6.3. Tofauti hiyo ya milioni 23 ingepaua nyumba na kuweka madirisha.

Mtu mwenye uwezo wa kulipa rejesho la 840,000 anaweza kupanga kwa 350,000 na kuweka 490,000. Kwa miaka mitatu ni kama milioni 17.6. Ongeza milioni 20 alizokuwa ampe benki kama mchango, anafika milioni 37 na zaidi bila riba hata shilingi. Nje kidogo ya mji hiyo ni pesa ya kiwanja kilichopimwa na nyumba ndogo ya kuanzia.

Tunajua pingamizi. Pesa iliyoko kwenye simu huliwa na misiba, ada na harusi, na ndiyo maana watu huigeuza tofali haraka. Ni hoja ya kweli. Basi iweke mahali ambapo kuitoa kunachukua siku chache: mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, au hatifungani za serikali kwa pesa ambayo hutaigusa. Ukilazimika kununua vifaa mapema, nunua bati na nondo, uzihifadhi pakavu. Saruji usinunue mapema. Baada ya miezi mitatu hivi stoo, hata mfuko ambao haujafunguliwa unaanza kupoteza nguvu, na ule uliogusa sakafu unaganda pembeni. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usiutumie kwenye nguzo wala linta.

Kuhamia hakuhitaji nyumba iliyokamilika. Kunahitaji paa, milango ya nje na grili, vyumba viwili vyenye sakafu, choo chenye shimo linalofanya kazi, umeme na maji. Dari, vigae na rangi vinafuata kwa pesa ambayo zamani ilikuwa kodi. Kumbuka pia kwamba boma, yaani kuta zisizo na paa, linadanganya macho. Kuta zikifika kwenye linta mtu anahisi yuko nusu ya safari, kumbe umaliziaji (umeme, bomba, plasta, sakafu, madirisha, dari) hula nusu ya bajeti au zaidi.

Tofali ndipo wengi wanapoibiwa bila kujua. Ukuta wa mita moja ya mraba unachukua tofali kama 10 za kawaida. Kuta zenye urefu wa jumla wa mita 75 na kimo cha mita 3 ni mita za mraba 225. Toa 30 za milango na madirisha, zinabaki 195. Ukiongeza za kuvunjika ni tofali 2,050 hivi juu ya msingi. Mfuko mmoja wa saruji ukitoa tofali 30 za inchi 6, unahitaji mifuko 69. Fundi au muuzaji akitoa tofali 45 kwa mfuko, ametumia 46. Ameokoa mifuko 23, nawe umepata kuta zinazomomonyoka kama biskuti mvua ya kwanza ikizikuta bila paa. Ziangalie kabla ya kushusha: kwangua pembe kwa ufunguo, mchanga ukitiririka zikatae. Liangushe moja kutoka usawa wa kifua kwenye udongo. Tofali zuri halisambaratiki. Ukifyatua mwenyewe, zimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7, kivulini. Na mchanga wenye chumvi usiupokee hata ukiwa wa bure, kwa kuwa unakula nondo na kuifanya plasta ichubuke miaka yote.

Kwenye bati, geji (kipimo cha unene) ikiwa namba kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30. Anayekuuzia 32 kwa bei ya 30 anategemea hujui hilo.

Panga kalenda na mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Msingi uanze Juni, paa liwe juu kabla ya vuli. Boma lililolala masika mbili bila paa linalowa kutoka juu, na nondo za nguzo zilizoachwa wazi zinaliwa na kutu pale pale zinapotakiwa kuungwa.

Kiwanja chenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Anza na ukubwa. Nje ya mji viwanja vingi visivyopimwa huuzwa kwa miguu: "20 kwa 20". Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 80, kwa hiyo miguu 20 ni mita 16. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Cha miguu 20 kwa 20 ni 256. Umekosa 144, na hizo ndizo zilikuwa shimo la choo, parking na nafasi ya kupumua. Nenda na futi kamba.

Kisha fuata mambo haya kwa mpangilio, na usiruke hata moja kwa sababu muuzaji "ni mtu wa dini". Omba nakala ya hati, uifanyie upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina la nani, kuna rehani, kuna zuio, imebaki miaka mingapi (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, nawe unanunua iliyobaki). Nenda halmashauri uone mchoro wa mipangomiji, kwani kiwanja kinaweza kuwa na mauziano mazuri na bado kikawa kimechorwa shule au eneo la wazi. Mlipe mpima ardhi ahakikishe bikoni (alama za mipaka) ziko zinapotakiwa. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi. Mhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia kwamba mliuziana mbele yao. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi.

Ardhi ya mirathi iuzwe na msimamizi mwenye barua ya mahakama, warithi wakiwa wamesaini. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Akikuambia mke wake yuko safarini, msubiri arudi. Na mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haitambui mauziano ya mdomo.

Pima pia umbali. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati tangu sheria ya 2007. Barabara ya Morogoro ilikuwa na yake: mwaka 2017, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 zilibomolewa, na nyingine zilikuwa na watu wa miaka mingi. Mto au bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Waliokaa bonde la Msimbazi wanajua: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali ilihamishia watu Mabwepande, mbali na kazi zao.

Malipo yapitie benki, mbele ya wakili, kwa awamu. Bakiza angalau asilimia 10 mpaka hati isome jina lako, au majina yenu wawili kama mmechanga wawili. Muuzaji mkweli atabishana kuhusu kiwango, hatakataa utaratibu. Na kama unaweza kuchagua mwezi wa kwenda kukiona kiwanja, nenda Aprili, siku moja baada ya mvua ya usiku kucha, ukiwa umevaa viatu vya kuchafua. Tazama maji yametuama wapi, gari limekwama wapi, na jirani ameinua msingi wake kwa kozi (mistari ya tofali) ngapi.